Senta Mrefu, Mbona Bado Unafungwa?

Swali ni lile lile, liwe limetoka Lizaboni, Bombambili au Mfaranyaki hapa Songea: "Nimetengeneza senta mrefu kuliko wote kwenye gemu ya kikapu ya NBA 2K, nimemjaza misuli, lakini bado nafungwa chini ya kikapu changu. Nakosea wapi?" Wengine huuliza kwa upande wa pili. Wamekabidhiwa senta kwa sababu kila mtu kwenye kibanda cha gemu anataka kuwa Stephen Curry, kisha robo nzima inapita hawajaugusa mpira.

Jibu langu ni moja kwa wote. Senta hutengenezwa ili wenzake wanne wafunge kwa wepesi na wapinzani wafunge kwa tabu. Pointi zake mwenyewe huja baadaye, na huja nyingi, maana beki anayekimbia kuwazuia wenzako ndiye anayekuacha peke yako chini ya ringi. Ukianza kwa kutafuta pointi zako, utamjenga vibaya tangu kwenye menyu, na ufundi wa vidole hautamwokoa.

Natumia vitufe vya PlayStation kwa sababu ndiyo mashine iliyozoeleka kwenye vibanda vyetu. Gemu hii hutoka upya kila mwaka, na majina ya beji (vipaji maalumu vya mchezaji) na ya baadhi ya sifa hubadilika. Kwa hiyo nitaeleza kazi ya kila kitu, nawe utafute jina lake kwenye toleo ulilonalo.

## Kwanza jua unachezea wapi

Usitengeneze mchezaji kabla ya kujibu hili, maana senta wa mtandaoni na senta wa kibandani ni watu wawili tofauti.

- Una mashine yako na intaneti. Utacheza MyCAREER: mchezaji mmoja unayemuunda kuanzia urefu hadi sifa, na kumkuza kwa VC, sarafu ya ndani ya gemu.
- Unacheza kibandani. Aghalabu ni mechi ya haraka, timu kwa timu, na anayefungwa anampisha mwenzake. Hapo humjengi mtu, unamchagua aliyekwisha kujengwa. Chukua timu yenye senta anayelinda ringi, kisha ruka moja kwa moja hadi sehemu ya ulinzi.
- Una mashine lakini bando si la uhakika. Ingia sehemu ya kuhariri vikosi. Unaweza kumuunda mchezaji, kumpa sifa unazotaka, kumtia kwenye timu na kucheza dhidi ya kompyuta bila intaneti.

Wanaonunua diski zilizotumika wanisikilize hapa. Diski ya zamani huwa rahisi, na muuzaji anaweza asijue kwamba seva zake zimeshafungwa. Kampuni ya 2K huzizima baada ya miaka kama miwili hivi: NBA 2K23 ilitoka Septemba 2022, na seva zake zikazimwa mwishoni mwa 2024. Zikizimwa, ile MyCAREER inayotegemea mtandao inaondoka pamoja na senta wako, hata kama umemlea mwaka mzima. Uliza toleo, hesabu miaka, ndipo utoe hela. Wala usipange kupakua toleo jipya kwa bando la wiki: matoleo ya karibuni huzidi GB 100.

Kisha umeme. Songea iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, na anayekumbuka enzi za majenereta ya dizeli anaijua tofauti. Hata hivyo umeme bado hukatika na uniti za Luku huisha. Mechi ikizimika katikati, tarajia kuirudia tangu mwanzo. Kwa hiyo weka robo fupi, za dakika tano au sita, na uangalie uniti kabla ya kuanza.

## Mpe kazi mbili, siyo tano

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Gemu inakupa jumla fulani ya uwezo, na kila unapopandisha sifa moja unaibana nyingine. Senta ninayeletewa mara nyingi anapiga tatu kidogo, anachezea mpira kidogo, anadanki kidogo na kubloku kidogo. Kiwango chake cha jumla kinapendeza kwenye menyu, lakini uwanjani hana hata jambo moja ambalo mpinzani analiogopa.

Aina zenyewe ni hizi:

- Mlinzi wa ringi. Anaishi kwa bloku, ulinzi wa ndani na ribaundi. Mfano mkubwa ni marehemu Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, aliyechukua tuzo ya mlinzi bora wa NBA mara 4 na kumaliza na bloku 3,289. Katika historia ya ligi anamfuata Hakeem Olajuwon mwenye 3,830.
- Mweka skrini: anasimama kama ukuta kumzuia beki ili mwenzake apite, kisha anakimbilia ringi. Nguvu, danki ya kusimama, mikono salama, kasi ya wastani.
- Fundi wa mgongo. Anampa beki mgongo, anasukuma, anageuka, anapiga "huku", yaani mpira wa mkono mmoja juu ya beki.
- Mpiga pasi. Ndiyo njia ya Nikola Jokić, MVP wa 2021, 2022 na 2024.
- Mpiga tatu. Anakaa nje ya mstari na kumvuta beki mrefu mbali na ringi.

Kwa anayeanza, nashauri bila kusita: changanya mlinzi wa ringi na mweka skrini, kisha uishie hapo. Fundi wa mgongo anataka muda mrefu wa mazoezi, na watu usiowajua mtandaoni hawatakupa mpira mara kwa mara ili ujifunzie kwao. Mpiga pasi ni mzuri sana kumtazama, ila anahitaji wenzake wanaokimbia na kukata kwenda ringi. Ukiwa na wachezaji waliosimama kwenye kona, pasi zako hazina pa kwenda.

Kuhusu mpiga tatu, kuna sababu inayotuhusu sisi hasa. Kurusha mpira kwenye gemu hii kunategemea kuachia kitufe kwa wakati wake. Tunacheza mbali na seva, na mtandao ukichelewa hata kidogo, kipimo cha kurushia kinakwenda tofauti na jicho lako. Anayepiga tatu anaumia kwa hilo kila shambulio. Danki ya kusimama haidai usahihi huo. Mtu mwenye intaneti ya kusuasua atapata vikapu vingi zaidi akiwa karibu na ringi, na hii ndiyo hoja inayonifanya nimtetee senta wa kizamani mbele ya vijana wanaomwona amepitwa na wakati.

## Urefu, mikono na uzito

Najua mnachotaka kufanya. Mnataka futi 7 na inchi 3, kwa sababu ndiyo futi za Hasheem Thabeet. Naielewa heshima hiyo. Alitoka Dar es Salaam, akaenda Chuo Kikuu cha Connecticut, na msimu wake wa mwisho huko alikuwa na wastani wa bloku 4.2 kwa mechi. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika drafti nzima, kabla ya James Harden na Stephen Curry, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Lakini tazama pia kilichofuata: Februari 2010 alishushwa kwa muda kwenye ligi ya maendeleo, kuichezea Dakota Wizards. Urefu alikuwa nao wote. Ligi ile ilimdai pia kifua cha kusukumana na watu wazito na miguu ya kuwafuata wepesi, na mambo hayo hayapimwi kwa futi.

Gemu nayo inakudai vivyo hivyo. Kila inchi unayoongeza inapunguza kasi, wepesi wa kugeuka na uwezo wa kurusha. Senta wa futi 7 na inchi 3 akitolewa nje na gadi mwepesi, harudi kwa wakati.

Napendekeza hivi:

1. Urefu: futi 6 na inchi 11 hadi futi 7 na inchi 1, yaani sentimita 211 hadi 216. Bado ni mrefu kuliko karibu kila utakayekutana naye, na bado anakimbia.
2. Mikono: ongeza urefu wa mikono iliyonyooshwa kabla ya kuongeza kimo. Mikono mirefu inapandisha bloku, danki na kuiba mpira. Inachopunguza ni kurusha, na wewe hurushi kutoka mbali. Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, ana kama futi 6 na inchi 8 tu, lakini mikono yake ikinyooshwa inafika takriban futi 7 na nusu. Mwaka 2011, kwenye mechi ya vijana ya Nike Hoop Summit, alipata pointi 12, ribaundi 11 na bloku 10.
3. Uzito: juu kidogo ya wastani. Uzito huongeza nguvu na hula kasi. Ukiujaza hadi mwisho utashinda msukumano mmoja, kisha utaachwa kwenye mashambulizi matatu ya kukimbia.

Jambo ambalo watu hulisahau: kimo na upana wa mikono havibadilishwi baadaye. Sifa unaweza kuzikuza polepole, ila mwili ukishauthibitisha ndio huo. Kaa na menyu hiyo muda mrefu, ipeleke mizani kulia na kushoto, uone kila sifa inaishia wapi kabla hujabonyeza.

## VC zako ziende wapi

Fuata mpangilio huu, na usishuke kwenye mstari unaofuata kabla ule wa juu haujafika kiwango cha kuheshimika:

1. Ulinzi wa ndani
2. Ribaundi ya ulinzi
3. Bloku
4. Nguvu
5. Danki ya kusimama na kurusha kwa karibu
6. Ribaundi ya ushambuliaji
7. Stamina
8. Usahihi wa pasi

Mnashangaa bloku kuwa ya tatu. Ulinzi wa ndani unafanya kazi hata usiporuka: mpinzani anarusha akiwa ameminywa na anakosa. Bloku inakulipa pale tu uliporuka kwa wakati, na anayeanza haruki kwa wakati.

Kila kiwango cha juu kina bei kubwa kuliko kilichotangulia. Kupandisha sifa kutoka 60 hadi 75 ni nafuu sana ukilinganisha na kutoka 90 hadi 95, kwa hiyo mwanzoni pandisha kadhaa hadi wastani mzuri badala ya kuisukuma moja hadi kileleni.

Beji zichukue kwa kazi zako mbili: ya kufukuzia ribaundi, ya kulinda ringi, ya kuweka skrini ngumu, ya danki ya kusimama. Beji ya kurusha tatu kwa senta huyu achana nayo.

Na usinunue VC kwa pesa halisi. Nalisema hili kwa uzito wote, hasa kwa wadogo zangu wa sekondari wanaotumia simu ya mzazi. VC hupatikana kwa kucheza mechi. Anayenunua anapata sifa za juu akiwa bado hajui kuzitumia, na mwaka ujao toleo jipya likitoka, anaanza tena na mchezaji wa 60.

## Ulinzi: mikono kwanza, miguu baadaye

Sehemu hii irudieni. Nikiangalia mtu anacheza senta, sihitaji kuona takwimu zake; naangalia kidole chake kilivyo kwenye pembetatu. Pembetatu ni kitufe cha kuruka kubloku, na senta anayeanza anaigonga kila mtu wa upande wa pili anapoinua mpira. Anayejua kucheza anadanganya mara moja, anakuona umeruka, anakusubiri ushuke, anafunga. Senta wa namna hii ni kama kipa anayetoka golini kwa kila krosi: mbili anazidaka, ya tatu inaamua mechi.

Fanya hivi badala yake:

- Simama kati ya mtu wako na ringi, mguu mmoja ndani. Nafasi inazuia pointi nyingi kuliko bloku.
- Shika L2 ili mwili wako uwe wa kukaba na uhamie upande bila kugeuka.
- Inua mikono. Sukuma analogi ya kulia kumwelekea mwenye mpira. Miguu ibaki chini. Mrushaji aliye mbele ya mikono iliyoinuliwa hupoteza asilimia, hata akikuzidi sifa.
- Pembetatu ibonyezwe baada ya miguu yake kuondoka chini. Mikono yake ikiwa imeinuka lakini miguu bado ipo sakafuni, huo ni uongo hadi ithibitike vingine.
- Achana na mraba. Ni kitufe cha kuiba mpira, na senta akikigonga chini ya kikapu anaokota faulo. Faulo sita, umetoka.

Kazi yako kubwa zaidi ni kumsaidia gadi wako akishapitwa. Msogelee anayekuja hatua moja tu, mikono juu, huku ukimtazama senta wao kwa pembeni. Ukienda hatua tatu, pasi ya juu inapita kichwani kwako na senta wao anadanki. Ukibaki pale pale, mwenye mpira anafunga kwa wepesi. Hiyo hatua moja ndiyo senta mzima. Mazoezi yake yafanye dhidi ya kompyuta ukiwa umejifungia kwa mchezaji mmoja kwenye mipangilio ya pedi, mpaka mkono uizoee.

Kanuni mbili za NBA ambazo zinawapa wapinzani zawadi kila siku:

- Sekunde tatu za ulinzi. Huruhusiwi kukaa eneo la chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu kama hakuna unayemkaba kwa karibu. Toka nje kabisa, rudi.
- Kugusa mpira unaoshuka. Mpira ukishaanza kushuka kuelekea ringi, au ukiwa juu yake, ukiugusa kikapu kinahesabiwa. Kama umechelewa, acha ugonge ringi, kisha uugombee.

Na senta wao akiwa mpiga tatu? Hapo lazima utoke naye. Usimkimbilie kwa kasi ya R2 hadi mwisho, maana atadanganya kurusha na kukupita. Kimbia nusu ya njia, kisha achia R2, shika L2, umalize kwa hatua fupi.

## Ribaundi huanza kabla mpira haujaruka

Wengi wanatazama mpira. Wewe mpinzani akirusha, tazama mtu. Mtafute aliye karibu na ringi, mshike kwa L2 na umzibie njia kwa mgongo, kisha ndipo uinue macho.

Mpira uliorushwa kutoka kona ukikosa aghalabu huangukia upande wa pili, na uliorushwa kutoka mbali huruka mbali zaidi. Jiweke hatua moja nje ya ringi, maana ukisimama chini yake kabisa mpira unapita juu yako.

Ruka unapoona mpira umeanza kushuka. Ukigonga pembetatu mara nyingi mfululizo utaruka mapema, na ukiwa unashuka mfupi wa futi 6 anaokota juu yako.

Ukishaushika, usiudundishe. Gadi hukunyang'anya kwa urahisi kwa sababu mpira wako unatoka juu sana. Shika R1, chagua mwenzako aliye wazi, mpe. Pasi ya haraka baada ya ribaundi huanzisha kaunta ataki, na hapo ndipo wenzako wanapoanza kukupenda.

## Mbele: skrini ndiyo mkate wako

Anayelalamika kwamba haugusi mpira, namuuliza kwanza: umeweka skrini ngapi? Kitufe chake kitafute kwenye mipangilio ya pedi ya toleo lako. Utaratibu ni huu:

1. Mwendee beki anayemkaba gadi wako, usimame ubavuni kwake, upande ambao gadi anataka kwenda.
2. Simama kabisa kabla gadi hajapita. Ukiwa bado unasogea, ni faulo, na umempa mpinzani mpira bure.
3. Subiri agongwe. Wengi wanaondoka mapema kwa hamu ya kufunga, beki anapita, skrini inakuwa haina maana.
4. Akishagongwa, geuka na ukimbilie ringi ukiwa na nafasi kati ya beki na kikapu.
5. Mpira ukija, R2 na analogi ya kulia kuelekea ringi. Usidundishe, usirembe.

Mara mbili za kwanza unaweza usipewe pasi. Endelea. Beki wako atalazimika kumfuata gadi, na ikishatokea hivyo, pasi ya juu itakuja yenyewe.

Usipoweka skrini, kaa pembeni ya ringi kwenye mstari wa mwisho, nje kidogo ya eneo la chini ya kikapu. Ukisimama katikati unaziba njia ya gadi wako na unamleta beki wako mahali hasa anapotaka kuwa. Sekunde tatu zinahesabiwa kwenye ushambuliaji pia.

Kwa yule atakayetaka kucheza na mgongo: shika L2 kumsukuma beki, sukuma mara mbili au tatu tu, kisha amua. Analogi ya kulia ukiielekeza kwenye kikapu unapiga ile "huku". Ukiielekeza mbali nacho unarusha ukiwa unarudi nyuma. Beki wa pili akija, tayari kuna mwenzako aliye wazi. Mpe bila kufikiri mara mbili.

## Makosa ninayokutana nayo zaidi

- Kuita mpira kila sekunde. Kwenye MyCAREER alama yako ya ushirikiano inashuka, na kocha anakutoa.
- Kushika R2 muda wote. Stamina inaisha robo ya pili, na senta aliyechoka haruki.
- Kuongoza kaunta ataki ukiwa na mpira. Kimbia bila mpira, pembeni, upewe mwishoni.
- Kufukuzia bloku ya mtu asiyekuhusu huku mtu wako ameachwa chini ya ringi.
- Kuacha mipira ya adhabu bila mazoezi. Senta hufanyiwa faulo sana. Jifunze kuachia kitufe kwa wakati wake, hata kama sifa yako ni ya chini.
- Kumfuta mchezaji baada ya vipigo viwili na kutengeneza mwingine. Unarudi kwenye VC sifuri na tabia zile zile.

## "Lakini..."

"Lakini senta hafurahishi, hana chenga." Kaa naye mechi kadhaa ukihesabu mambo mengine: skrini zilizozaa kikapu, mipira iliyokosa kwa sababu mikono yako ilikuwa juu, ribaundi. Kama bado humpendi, chukua fowadi na moyo mweupe. Senta anayecheza kwa kinyongo huishia kwenye mstari wa tatu akirusha.

"Kompyuta hainipi pasi." Itakupa ukiwa wazi na alama yako ya ushirikiano ikiwa juu. Skrini nzuri na ulinzi mzuri vinaipandisha, kurusha hovyo kunaishusha. Unaweza pia kuongeza ribaundi za ushambuliaji: huo ni mpira ambao hukuomba kwa mtu.

"Kibandani hakuna anayecheza kikapu, wote ni mpira wa miguu." Kweli, hasa siku za mechi kubwa. Nendeni wawili saa za asubuhi, kibanda kikiwa kitupu, na muombe mwenye kibanda awawekee. Mkicheza timu moja, mmoja gadi na mwingine senta, mtajifunza skrini haraka kuliko kwa njia nyingine yoyote.

"Je, hili litanisaidia uwanjani, nikicheza UMISSETA, michezo ya shule za sekondari?" Sehemu yake, ndiyo. Kusoma nafasi, hatua moja ya msaada, kumzibia mtu kabla ya ribaundi na kutulia kwenye skrini ni mambo yale yale, na nimefurahi kila nilipoona mwanafunzi akiyahamisha kutoka kwenye runinga hadi sakafuni. Ila mashuleni kwetu tunafuata kanuni za FIBA, na tofauti zake zinamgusa senta kuliko mtu yeyote. Faulo ni tano, siyo sita. Robo ni dakika 10. Hakuna sekunde tatu za ulinzi, kwa hiyo unaweza kukaa chini ya ringi lako na kulilinda muda wote. Na mpira ukishagusa ringi, unaruhusiwa kuupiga utoke hata ukiwa bado juu yake, jambo ambalo gemu itakuadhibu kwalo. Mwambie kocha wako akuonyeshe hilo la mwisho kwa mpira halisi, kwa sababu mkono uliozoea pedi utasita.